Moyo Umenyamaza, Sikiliza Pumzi

Nilikuwa nimesimama pembeni ya kiwanja cha mpira hapa Kibiti, saa kumi na mbili na robo asubuhi, vidole viwili shingoni, macho kwenye saa niliyoazima kwa shemeji. Nilihesabu mapigo kwa sekunde 15, nikazidisha kwa nne. Nikapata 104. Nikahesabu tena. 104. Jamaa yangu tuliyekuwa tukikimbia naye alijihesabu naye, akapata 148.

"We bwana, hujafanya kitu bado," akanicheka. "Huo ni moyo wa mtu aliyetoka kunywa chai."

Jamaa huyu alikuwa na kitabu kikuukuu cha mazoezi ya viungo, kimechanika jalada, na ndani yake kulikuwa na hesabu: chukua 220, toa umri wako, hayo ndiyo mapigo ya juu kabisa ya moyo wako. Mimi nilikuwa na miaka 24, kwa hiyo 196. Kitabu kikasema mtu afanye mazoezi mpaka afikie kama sehemu saba za kumi, yaani 137 hivi. Mimi nina 104. Kwa hesabu hiyo nilikuwa mvivu.

Lakini miguu yangu ilikuwa mizito kama nimefungiwa mchanga, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Nikajiuliza, nani mwongo hapa, moyo au miguu? Kwa kuwa nilisoma hesabu mpaka kidato cha nne, nikaamini namba. Nikaingia tena uwanjani, nikaongeza mwendo. Mzunguko wa tatu nilipousimamisha ghafla ili nijihesabu, dunia ikazunguka, minazi ikalala chini, na mimi nikalala nayo.

Ndugu msomaji, nataka nikusimulie kwa nini moyo wangu haukusema kweli asubuhi ile. Lakini huwezi kuelewa bila kujua ulivyokuwa ukipiga kelele kabla.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka 16. Walio mbali na huku waliisoma Kibiti magazetini. Sisi tulikuwa tunalala ndani yake. Watu walikuwa wanauawa: viongozi wa vijiji, wenyeviti, askari. Tarehe 13 Aprili mwaka ule askari polisi wanane waliuawa kwa mkupuo mmoja barabarani. Maduka yalifungwa jua likiwa bado juu. Ukisikia mlio wa pikipiki usiku hujui anayekuja ni nani, na ukiwa kijana wa kiume hujui pia anayekutafuta atakuona wewe ni nani. Nyumbani tulizima taa mapema tukakaa gizani tukisikiliza. Mimi nilikuwa nasikiliza vitu viwili: njia, na moyo wangu. Ulikuwa unadunda mpaka nikawa naogopa mwenye kupita nje atausikia.

Baadaye hali ikatulia. Maduka yakafunguliwa mpaka usiku, vijiwe vikarudi, harusi zikapigwa ngoma mpaka alfajiri. Kila mtu alipata taarifa kwamba mambo yamekwisha isipokuwa moyo wangu. Wenyewe uliendelea kukesha. Naweza kuwa nimekaa na daftari langu, naandika sura ya riwaya ambayo wenzangu wananitania kwamba itaisha siku ya kiama, mara moyo unaanza mbio bila sababu, mikono inatetemeka, kalamu inaanguka, na sauti ndani inaniambia: unakufa sasa hivi.

Nikaacha mpira. Sikumwambia mtu sababu, maana ilikuwa ya aibu. Nikikimbia moyo unadunda, na moyo ukidunda mwili wangu haujui kwamba tunacheza mpira tu. Unadhani ni usiku ule wa pikipiki. Kijana mwenye miguu mizima nikawa natembea taratibu kama mzee wa kwenda kuchukua pensheni.

Halafu likaja gharika la mwaka 2024. Aprili ile Mto Rufiji ulifurika, maji yakaingia mashambani na majumbani, Rufiji na Kibiti. Nilikuwa Delta kwa mjomba wangu, ndugu yake mama. Tuliangalia mpunga ukizama, kwanza miguu, halafu viuno, halafu masuke. Tarehe 4 Mei tukaambiwa kimbunga Hidaya kinakuja upande wa Mafia. Nilikaa ndani ya mtumbwi uliofungwa kwenye mkoko nikashindwa kusimama. Mjomba alidhani nina homa. Nikamwambia ni homa.

Mama aliposikia alisema nimetupiwa kitu. Akamwita ustadhi akanisomea, na sitasema haikusaidia, kwani usiku ule nililala. Ila asubuhi moyo ukarudi kazini. Ndipo nikapanda basi kwenda hospitali moja Dar es Salaam nikiwa na hakika kwamba nina ugonjwa wa moyo na kwamba nitaambiwa siku zilizobaki. Wakanibandika waya kifuani, mashine ikachora milima yake kwenye karatasi. Wakanitoa damu, pamoja na kuangalia kama tezi ya shingoni ndiyo inayonikimbiza. Vyote vizima. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilalaje? Naogopa nini? Ilianza lini? Nilipotaja 2017 aliweka kalamu chini.

"Mdogo wangu," akasema, "moyo wako ni mzima. Ni mlinzi ambaye hajaambiwa vita vimekwisha."

Akanipangia siku za kuja kuzungumza na mshauri, na akaniandikia propranololi. Kabla ya kuandika aliniuliza mara mbili kama nina pumu. Nikamwambia sina. Akasema mwenye pumu dawa hii inaweza kumfunga kifua, kwa hiyo asimwone mtu akigawa vidonge vyake kijiweni kama karanga.

Sasa nikueleze dawa yenyewe. Mtu akishtuka, mwili humwaga kitu kiitwacho adrenalini. Adrenalini hufika kwenye moyo, hukaa kwenye viti vyake, na moyo huenda mbio. Viti hivyo wataalamu huviita beta. Propranololi, na jamii yake yote iitwayo beta-bloka, huwahi kukaa. Ni kama basi la Kibiti siku ya sikukuu: adrenalini inaingia na tiketi yake mkononi, inakuta kiti kimekaliwa. Hofu inaweza kuwapo kichwani, lakini ngoma haipigwi kifuani wala mikononi, au inapigwa kwa chini.

Aliyeigundua ni Mskoti, James Black, miaka ya 1960, akiitafutia nafuu mioyo iliyokuwa inauma kwa kukosa hewa ya kutosha. Mawazo yake yalikuwa tofauti na ya wenzake. Wao walitaka kuupelekea moyo hewa zaidi, yeye alitaka kuupunguzia kazi. Mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel. Watu wa kutetemeka mikono kwa hofu walikuja kufaidika baadaye. Hata wenye michezo ya kulenga shabaha waliigundua: mwaka 2008, katika Olimpiki ya Beijing, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili za bastola kwa kukutwa na propranololi mwilini. Mkono uliotulia ni faida kwa mlenga shabaha. Kwa mkimbiaji ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo ninaporudi pale nilipoanguka.

Nilipoonana tena na daktari nilimweleza habari za kitabu na namba yangu ya 104. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Hesabu hiyo haikuandikwa kwa ajili yako," akasema. "Wewe unameza kitu ambacho kazi yake ni kuuzuia moyo usipande. Halafu unausubiri upande ndipo uamini kwamba umechoka? Utausubiri mpaka uzimie."

Akanieleza kwa vidole. Kwa mtu anayetumia dawa hii moyo hupiga taratibu akiwa amekaa, na hata akikimbia haufiki pale ungefika zamani. Kwa hiyo mapigo si kipimo tena. Ukiyafuata utajisukuma kupita uwezo wako. Misuli nayo huwahi kuchoka, hasa siku za mwanzo, kwa sababu damu inayosukumwa si ile ya zamani. Na shinikizo la damu likiwa limeshuka, ukisimama ghafla baada ya kukimbia, damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Ndiyo sababu ya minazi yangu kulala.

"Kwa hiyo niache mazoezi?" nikamuuliza, na nakiri nilikuwa nataka aseme ndiyo.

"Nani kasema? Mazoezi yenyewe ni dawa ya wasiwasi. Badilisha kipimo tu."

Laiti ningetoka pale nikiwa nimeelewa hadithi hii ingekuwa fupi. Ila sisi vijana tunaelewa mambo mara mbili: mara ya kwanza kwa masikio, ya pili kwa mifupa.

Wiki chache mbele kulikuwa na mechi ya sikukuu, mtaa wetu na mtaa wa pili, mshindi anapata mbuzi. Wenzangu walikuwa wamefurahi kuniona nimerudi uwanjani, ila walikuwa wananilalamikia kwamba sina kasi. Mmoja akasema, "Kaka, hivyo vidonge vinakumaliza. Viache siku mbili tatu, utaona moto." Nikaviacha. Sikumuuliza daktari, kwa sababu nilijua atakachosema.

Siku ya kwanza nilijiona simba. Siku ya mechi, dakika ya kumi, nikakimbilia mpira wa pembeni, na kile nilichokimbia tangu 2017 kikanidaka. Moyo ulidunda kuliko siku zote nilizowahi kuishi. Nikakaa chini katikati ya uwanja, mikono kifuani, watu wamenizunguka, mbuzi kafungwa kwenye goli ananitazama. Nilikuwa nalia mbele ya mtaa mzima. Wakanipakia kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, na safari ile nzima, kwenye mlio ule wa pikipiki, nilikuwa na miaka 16 tena.

Daktari alinieleza baadaye. Moyo uliozuiwa kwa muda hujiongezea viti. Ukiiondoa dawa ghafla, adrenalini inakuta viti vyote vitupu na vya nyongeza juu. Mimi nina moyo mzima, nikapona na aibu tu. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo angeweza kupata mshtuko wa moyo kwa kufanya hivyo. Dawa hizi huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo, na anayepanga hilo ni daktari, si nahodha wa timu.

Baada ya mechi ile sikutaka kuonekana mtaani. Nikapanda gari la Nyamisati, nikavuka kwenda kwa mjomba.

Delta hakuna uwanja wa kukimbia. Kuna tope, mizizi ya mikoko inayotoka ardhini kama vidole, na mikono ya mto inayogawanyika mpaka mgeni anapotea mchana kweupe. Lakini anayesema watu wa Delta hawafanyi mazoezi hajawahi kupiga kafi maji yakiwa yanakuja. Maji yakikupwa yanakupeleka baharini bila kukuuliza. Yakijaa yanakurudisha. Mwenye akili husafiri nayo. Ila kuna siku shughuli haisubiri maji, na hapo ndipo mabega yanajulikana.

Siku ya nne mjomba akaniambia twende tukachukue magunia kijiji cha jirani. Nikamwambia ukweli kwa mara ya kwanza: kwamba homa ile ya mwaka wa gharika haikuwa homa, kwamba nameza vidonge, na kwamba sijui tena nimechoka au sijachoka kwa sababu moyo wangu umenyamazishwa. Nilidhani atanicheka. Mjomba alitema mate pembeni akafikiri.

"Kwani mjomba, wewe ulikuwa unapimia moyo? Mimi sijawahi kuusikiliza moyo kwenye mtumbwi. Sisi tunaimba."

Akanieleza kwamba tangu wakiwa watoto, waliokuwa wakipiga kafi safari ndefu waliimba, na aliyeshindwa kuitikia aliambiwa alaze kafi apumzike, bila kugombezwa. Anayeimba kwa nafasi zote, akavuta maneno marefu, huyo hajafanya kazi bado. Anayeimba kwa kukatakata ndiyo kazi yenyewe. Asiyeweza kutoa neno, huyo ataliangusha kafi majini, na kafi ni mali.

Nilibaki mdomo wazi. Maana daktari mwenye miwani kule Dar es Salaam alikuwa ameniambia jambo lile lile kwa maneno mengine. Alikuwa amenichorea kipimo cha Mswidi mmoja, Gunnar Borg, kinachoanzia 6 na kuishia 20. Sita ni mtu aliyekaa tu, 20 ni mtu aliyefika mwisho kabisa wa nguvu zake. Unajiuliza mwenyewe: kazi hii naionaje, nyepesi, ngumu kiasi, ngumu sana? Akaniambia nikae katikati, kati ya 12 na 14, na kwamba alama yake ni hii: naweza kusema sentensi nzima, lakini siwezi kuimba kwa raha. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari nikaisahau. Mjomba hakuwahi kumsikia Borg, lakini pondo lake na namba za Borg vimeshika mto ule ule.

Basi tukaenda. Aliniagiza nianze polepole, karibu robo saa, tukiteleza tu kando ya mikoko. Hilo nalo lilikuwa kwenye daftari: kwa mtu wa dawa hii, kupasha mwili moto kusipungue dakika kumi, maana moyo unachelewa kuamka. Nilikua nikisikia sifa za Filbert Bayi, aliyetoka mbele tangu mwanzo kule Christchurch mwaka 1974 akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na siku zote nilitaka kutoka hivyo, kama mshale. Mimi siwezi kuwa Bayi. Mimi ni jahazi: tanga langu linajaa taratibu.

Tulipoingia mkondo mkubwa maji yakatupinga. Mjomba akaanza, nami nikaitikia. Mwanzo niliimba maneno mazima. Halafu nusu. Mikono ilikuwa ya baridi ingawa jua lilikuwa kali, nayo pia ni tabia ya dawa hii. Mabega yakaanza kuwaka, na moyo, ndugu msomaji, moyo ulikuwa pale unapiga kwa upole kama jirani anayetwanga mbali. Nikafika mahali sauti haikutoka. Nikalaza kafi. Mjomba hakugeuka. Aliendelea kuimba peke yake mpaka nikapata pumzi, nikaitikia tena.

Hakuna aliyekufa. Nilikuwa nimetweta, nimelowa jasho, na hakuna mlio wa pikipiki kichwani. Kwa miaka saa na kifua kizito vilikuwa kwangu kitu kimoja na hofu. Pale mtoni ndipo nilipoona vikitengana, kila kimoja kikaenda njia yake. Nikajua kwamba kuchoka si kuogopa.

Siku hizi ninakimbia mara tatu kwa wiki, asubuhi kabla jua halijawa kali. Natembea kwanza, nakimbia polepole, ndipo nakimbia. Jamaa yangu wa kitabu tunasimuliana hadithi njiani, na nikianza kujibu kwa neno moja moja tunapunguza. Nikimaliza sisimami kama nguzo, natembea mpaka pumzi irudi, na nikilala chini kujinyoosha nainuka kwa awamu. Maji nakunywa. Mwezi wa Ramadhani sikimbii nikiwa nimefunga, natembea tu baada ya futari, kwa sababu dawa hii huficha ule mdundo unaomwambia mtu kwamba sukari yake imeshuka. Jasho peke yake ndilo linabaki kusema. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake kabla hajafunga hata kamba za viatu. Na kama kifua kitabana, au pumzi italia filimbi, au kichwa kitataka kuzimia, hapo hakuna Borg wala mjomba: unaacha, unaomba msaada, unakwenda hospitali.

Kama nimepata maendeleo siyajui kwa saa ya shemeji, tulishamrudishia. Nayajua kwa njia ile ile, kutoka uwanjani mpaka barabara kuu iendayo Lindi na kurudi. Zamani nilikuwa nafika barabarani bila neno. Sasa nafika nikiwa bado nabishana habari za Simba na Yanga.

Vidonge bado nameza. Daktari anasema siku yake itafika tutapunguza pole pole, na kwa mshauri naendelea kwenda, kwa sababu dawa imetuliza ngoma lakini haikumgusa mpigaji. Huyo namshughulikia kwa maneno, huko na humu daftarini. Riwaya yangu imefika sura ya tisa. Kuna kijana ndani yake anayesikia pikipiki usiku. Zamani kila nilipofika kwenye ukurasa ule nilikuwa naacha. Juzi niliuandika mpaka mwisho, polepole, nikisoma kila sentensi kwa sauti, na pumzi ilipokatika nikalaza kalamu, nikasubiri, nikaendelea.